Binti yangu analala chali ili tusimfikie mgongo

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa msomaji wa safu yako kwa muda mrefu na sikudhani kuna siku na mimi ningekaa chini kuandika. Naomba jina langu lisitajwe.

Nina watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 13, na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wa pili ni wa kike, ana miaka 8. Huyu ni mzima. Vipimo vilionyesha ni mbebaji tu, kama mimi na baba yake. Kaka mtu alipata kiharusi akiwa na miaka 9. Asubuhi moja alikuwa anafunga kamba za viatu, mkono wa kulia ukamwachia. Kamba ikabaki inaning'inia, naye akautazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Tangu siku hiyo anaongezewa damu kila mwezi. Mkono umerudi kwa sehemu kubwa, ila mwandiko wake wa zamani haujarudi.

Mwaka huu madaktari walituambia wakati umefika wa kufikiria kumpandikiza uloto. Tukapimwa wote nyumbani. Aliyelingana naye kabisa ni mdogo wake. Daktari alifurahi, akasema tuna bahati kubwa. Mimi nilitoka nje ya chumba nikalia, na mpaka leo sijui nililia furaha au nililia nini.

Tangu hapo nyumba haikaliki. Mama mkwe anasema mmoja ameshakuwa mgonjwa, na sasa tunataka wa pili naye tumtie ulemavu. Mtoto akitobolewa uti wa mgongo hatembei tena. Mume wangu anasema hakuna cha kujadili, mtoto haulizwi, na huwezi kumweka mtoto wa miaka 8 aamue maisha ya kaka yake. Wifi yangu naye kanitumia tangazo la kliniki moja kwenye simu. Wanachota mafuta kidogo kwenye tumbo la mgonjwa mwenyewe, wanachuja seli shina, wanamrudishia kwa dripu siku hiyo hiyo. Hakuna kemo, yaani zile dawa kali za kuua uloto wa zamani, hakuna kulazwa, na mdogo mtu haguswi. Tangazo linasema wanatibu selimundu, kisukari, usonji, magoti na upofu. Wifi ananiambia, "Dunia imeshafika huko, nyinyi bado mnatoboana mifupa."

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni kingine. Binti yangu nilimwambia atatolewa damu kidogo tu, kama ile ya vipimo. Akanyamaza. Sasa, huyu mtoto tangu yuko mchanga hulala kifudifudi, huwezi kumlaza vinginevyo. Hii ni wiki ya tatu analala chali, amenyooka, mikono kaibana ubavuni. Nikimgeuza, anarudi vilevile. Juzi nikamuuliza kulikoni. Akaniambia, "Nikilala hivi hakuna mtu wa kuufikia mgongo wangu." Kumbe bibi yake alishamwambia. Halafu akaniuliza, "Mama, nikikataa, kaka atakufa?"

Sikumjibu. Nilimwambia alale.

Shangazi, tuna haki ya kumfanyia mtoto mzima jambo hili? Kwa nini wasinichukue mimi niliyemzaa? Ile kliniki ni ya kweli? Na huyu mtoto nimwambie nini?

Mama wa Wawili

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huo mgongo, maana ndiko hofu ya nyumba nzima ilikojificha. Lugha yetu imechangia. Watu wengi wakisikia uloto, ambao wengine huuita uboho, moja kwa moja wanafikiria uti wa mgongo. Hata mimi, kabla kazi hii haijanilazimisha kusoma, nilidhani ni kitu kimoja. Ni vitu viwili visivyohusiana. Uti wa mgongo ni fungu la mishipa ya fahamu linalopita ndani ya pingili za mgongo. Ndio unaopeleka taarifa miguuni, na ndio unaomtia hofu bibi. Huo hauguswi. Uloto ni ile nyama laini iliyojaa ndani ya mifupa mikubwa, na kazi yake ni kutengeneza damu. Unavunwa kwenye mfupa wa nyonga, upande wa nyuma. Simama ujishike kiuno, vidole gumba vielekee nyuma: hapo vinapotua, pale penye mfupa mnene juu ya makalio, ndipo penyewe.

Binti atapewa nusukaputi, kwa hiyo hatasikia wala kuona lolote. Atalazwa kifudifudi, namna ileile aliyoizoea. Daktari atapitisha sindano nene kwenye vitundu vichache vya ngozi na kuingia mfupani mara nyingi, akivuta kidogo kidogo kwa bomba. Hapakatwi mfupa, wala hapabaki kidonda cha kushonwa nyuzi kumi. Akiamka atakuwa na plasta na maumivu kama ya mtu aliyeanguka kwa makalio kwenye sakafu, ya siku kadhaa, pengine wiki na zaidi kidogo. Uloto uliotoka mwili unaurudisha wenyewe ndani ya wiki chache.

Hapo ndipo mama mkwe wako alipokosea. Lakini usimpuuze moja kwa moja, kwa sababu kuna jambo ameliona ambalo mumeo halioni. Huyu mtoto haumwi. Analazwa kitandani si kwa faida ya mwili wake, na nusukaputi haijawahi kuwa kitu cha mchezo hata pale ambapo hatari yake ni ndogo. Kiasi chenyewe nacho si haba. Kwa kawaida huchukuliwa mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito wa mtoaji. Hukuniambia uzito wake, lakini tuseme ana kilo 26: kikomo chake ni mililita 520, zaidi ya nusu lita ya uloto uliochanganyika na damu. Kwa mwili wa kilo 26 hiyo ni sehemu kubwa. Ataweza kuwa na upungufu wa damu kwa muda, atahitaji madini ya chuma, na mara nyingine mtoaji mdogo hulazimika kuongezewa damu. Kaka akiwa mzito kuliko mdogo, timu hupiga hesabu hiyo kwa uangalifu zaidi. Waulizeni kwa maneno haya haya: mtachukua mililita ngapi, na mkifikia kikomo chake kabla ya kutosheka mtafanya nini? Jibu lazima liwe "tunasimama".

Halafu kwa nini si wewe. Kila mtoto huchukua nusu ya vinasaba kwa mama na nusu kwa baba. Katika hivyo mna alama za kinga zinazoitwa HLA, ambazo ndizo mwili huzitumia kutambua nani wa nyumbani na nani mgeni. Jean Dausset, Mfaransa aliyeelezea ya kwanza kati ya hizo mwaka 1958, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Wewe unalingana na mwanao nusu, baba yake nusu. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa. Ukiongeza sharti la pili, kwamba huyo ndugu asiwe na selimundu mwenyewe, inabaki nafasi 3 kati ya 16. Daktari alipokwambia bahati, hesabu yake ndiyo hiyo.

Kupandikiza kwa mzazi anayelingana nusu kupo, na kumeboreka sana miaka ya karibuni. Ila hatari ya uloto kukataliwa, au wenyewe kuushambulia mwili wa mgonjwa, hubaki kubwa kuliko kwa ndugu aliyelingana. Ombeni timu yenu iwaeleze wazi tofauti hiyo kwa mtoto wenu, mkiwa mmekaa, si mkiwa mmesimama kwenye korido. Una haki ya kuuliza "mnichukue mimi" ukapewa jibu la kueleweka.

Wala usihofu kwamba binti ni mbebaji. Mgonjwa wa selimundu aliyeandikwa kitabibu mwaka 1984 kuwa amepona kwa uloto alikuwa msichana wa miaka 8 nchini Marekani aliyekuwa amepata pia saratani ya damu. Walimpandikiza kwa sababu ya saratani. Selimundu ikaondoka pamoja nayo. Mtoaji wake alikuwa ndugu yake wa kiume, mbebaji.

Sasa wifi na tangazo lake. Naomba umwoneshe aya hizi, kwa upole, maana amekuja na mkono wa kusaidia.

Seli shina ni seli ambayo haijamaliza kuchagua kazi, ila chaguo lake lina mipaka. Ya ngozi hutengeneza ngozi. Ya ukingo wa jicho hutengeneza kile kioo cha mbele cha jicho, na Umoja wa Ulaya uliidhinisha tiba yake mwaka 2015 kwa watu waliounguzwa macho na moto au kemikali. Ya uloto hutengeneza damu. Zile za kwenye mafuta ya tumbo zinaweza kugeuka mafuta, mfupa au gegedu, damu hazitengenezi. Kwa hiyo hata kama kliniki hiyo ingekuwa na mikono safi kuliko zote duniani, ingekuwa imempeleka fundi wa paa kuchimba kisima.

Na kuna tatizo la pili ambalo halihitaji hata daktari kuliona. Kosa linaloleta selimundu limeandikwa kwenye vinasaba, na vinasaba vya mwanao viko katika kila seli yake: ya tumbo, ya nywele, ya kidole. Ukizitoa zake ukamrudishia zake, umemrudishia selimundu yake. Ndiyo maana wanahitaji za mdogo wake.

Ili seli za mgonjwa mwenyewe zimponye ugonjwa wa kurithi, lazima kwanza zirekebishwe. Inawezekana, na imefanyika. Mwaka 2017 madaktari wa Ujerumani na Italia walitangaza kwamba mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa na ugonjwa wa kurithi wa ngozi, mwili wote malengelenge na madonda, alioteshewa ngozi mpya kwenye takriban asilimia 80 ya mwili. Walianza na kipande kidogo cha ngozi yake, wakaiingizia jeni, yaani kinasaba, isiyo na kosa, wakaikuza maabara na kumvisha kwa awamu. Kwa selimundu yenyewe, mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Seli shina za damu za mgonjwa huvunwa, huhaririwa maabara ili zitengeneze himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ya aina aliyokuwa nayo akiwa tumboni mwa mama, kisha hurudishwa. Lakini sikiliza: kabla ya kurudishwa, mgonjwa anapewa kemo ileile ya kuusafisha uloto wa zamani, na analazwa wiki nyingi. Inatolewa katika vituo vichache. Hakuna toleo lake la kuingia asubuhi na kutoka jioni. Muulizeni daktari kama njia hiyo mnaweza kuifikia, kwa sababu ikiwezekana inamwacha mdogo mtu nje kabisa. Ikiwa hamuifikii, mjue hivyo na mwendelee.

Tangazo linalotaja selimundu, kisukari, usonji, magoti na upofu kwa pumzi moja limeshajieleza. Hata hayo magoti: mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliolinganisha sindano za seli, zikiwemo za mafuta na za uloto, na sindano ya kawaida ya steroidi kwenye magoti yaliyosagika. Baada ya mwaka mmoja seli hazikuishinda steroidi. Na upofu ndio uliniondolea hamu ya kuendelea kusoma matangazo ya namna hii. Mwaka 2017 madaktari waliandika kuhusu wanawake watatu wa Florida waliodungwa machoni seli za mafuta ya miili yao, macho yote mawili kwa siku moja. Waliingia wakiwa wanaona. Mwaka uliofuata, watu wasiopungua 12 katika majimbo matatu ya Marekani walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu zilizouzwa kwa ahadi za aina hiyohiyo. Mtoto wa selimundu, ambaye wengu lake mara nyingi limeshachoka, hana nafasi ya kubahatisha na bakteria kwenye dripu.

Hayo yamepita. Turudi kwa hao watoto wawili.

Kaka mtu ndiye mwenye safari ngumu, na sina hakika kama mmeambiwa yote au mmesikia nusu ya furaha tu. Kabla ya kupokea uloto atapewa kemo kali kuua uloto wake. Nywele zitatoka, mdomo utajaa vidonda, atakaa chumba cha peke yake kwa sababu kinga itakuwa haipo. Kisha siku ya siku inafika, nayo inawashangaza wengi kwa udogo wake. Hakuna chumba cha upasuaji. Unaletwa mfuko mmoja mwekundu unaofanana na damu mliyozoea kila mwezi, unatundikwa, unadondoka kwenye mshipa. Seli zenyewe ndizo zinazotafuta njia ya kwenda mifupani. Baada ya hapo mnasubiri wiki mbili, tatu, mpaka hesabu ya damu ianze kupanda. Kwa miezi mingi atameza dawa za kutuliza kinga ili seli za mdogo wake zisiushambulie mwili wake. Kemo hiyo inaweza kumnyima uwezo wa kupata watoto baadaye. Ulizeni kuhusu hilo kabla haijaanza, kwa sababu ikishaanza hakuna tena cha kuuliza.

Matokeo je? Daktari Éliane Gluckman wa Ufaransa na wenzake walikusanya kumbukumbu za wagonjwa 1,000 wa selimundu waliopandikizwa kutoka kwa ndugu waliolingana kabisa kati ya mwaka 1986 na 2013. Baada ya miaka mitano, takriban 93 kati ya 100 walikuwa hai. Kwa watoto wa chini ya miaka 16, 95. Waliokuwa hai bila uloto kukataliwa walikuwa pungufu kidogo tu ya hapo. Umri ukipanda, matokeo yanashuka, na uloto wa mfupani ulifanya vizuri kuliko seli zilizovunwa kwenye mzunguko wa damu. Ni tarakimu nzuri. Lakini usizisome upande mmoja. Katika kila watoto 100, watano hawakuifikisha miaka hiyo mitano, na kila mmoja wao alikuwa na ndugu aliyetoa uloto.

Ndiyo sababu namjibu mumeo, kwa heshima yake kama baba: mtoto huulizwa. Kuamua ni kwenu, hilo nakubaliana naye, na ni vizuri mzigo wa uamuzi usiwekwe kwenye mabega ya miaka 8. Kuulizwa na kuamua ni mambo mawili. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2010 kuhusu watoto wanaotoa seli shina. Kinataka pasiwepo mtu mzima anayefaa sawasawa na mtoto, mtoaji na mpokeaji wawe na uhusiano wa karibu wenye mapenzi, mgonjwa awe na matumaini ya kweli ya kunufaika, hatari kwa mtoaji zipunguzwe, na wazazi waridhie huku mtoto naye akikubali kwa kadiri ya umri wake. Mwongozo huo pia unataka mtoaji awe na mtetezi wake, mtu asiyehusika na kumtibu kaka. Hili la mwisho ndilo ningelipigania kuliko yote. Daktari wenu wa sasa ni daktari wa mgonjwa; moyo wake uko kwa mgonjwa, na ndivyo inavyopaswa. Wewe na mumeo pia, mkikubali msikubali, mmekuwa wazazi wa mgonjwa kwa miaka 13. Huyu binti anahitaji mtu mmoja kwenye chumba hicho ambaye kazi yake siku hiyo ni yeye tu: daktari mwingine wa watoto, mshauri nasaha, mtu wa ustawi wa jamii wa hospitali. Ombeni. Wakisema hawana utaratibu huo, ombeni wauanzishe na mtoto wenu.

Kwa hiyo unaniuliza kama mna haki. Kwa maoni yangu mnayo, na kama angekuwa wangu ningeendelea. Lakini nisingepanga tarehe mpaka huyo mtoto awe ameambiwa ukweli na ameongea na mtu wake. Na hakuna haraka ya kufa na kupona. Kaka anaendelea na damu ya kila mwezi. Wiki tano au sita za kuongea vizuri hazitamharibia. Mwaka mzima wa kukwepa kuongea ndio utamharibia.

Akikataa? Usiogope neno hilo mapema. Tafuta kwanza anachokikataa. Kwa nilivyosoma barua yako, anakataa kutobolewa mgongo, jambo ambalo hakuna mtu aliyepanga kumfanyia. Anaweza pia kuwa anakataa sindano ya mkononi, au kulala hospitalini bila wewe, wakati wewe utakuwa chumba cha kaka. Hilo la mwisho lipangeni sasa: nani atakaa na binti siku hiyo, kuanzia alfajiri mpaka atakaporudi nyumbani, asiyekimbia kimbia kati ya vitanda viwili. Pengine bibi yake. Bibi aliyemwogopesha akielezwa vizuri na muuguzi ndiye atakayemtuliza kuliko sisi sote.

Nimekuja kwenye ule uongo, mwanangu. "Damu kidogo tu." Nakuelewa, ulitaka alale. Lakini yeye ameona nyumba nzima inagombana, bibi ananong'ona, baba anafoka, na wewe unamwambia damu kidogo. Amejua kwamba kuna kitu kikubwa mpaka mama yake hawezi kukitaja, akabaki peke yake nacho. Mtu mzima angepiga simu kwa rafiki. Yeye amelalia mgongo wake.

Na lile swali lake ulilolikwepa ndilo kubwa. Usimwambie "ndiyo, atakufa", kwa sababu si kweli na ni ukatili. Usimwambie "hapana, kabisa", kwa sababu kaka akizidiwa mwaka ujao atakumbuka. Mwambie kaka anaumwa ugonjwa ambao yeye hakuuleta, na kwamba kumtibu ni kazi ya madaktari na wazazi. Mwambie akitoa, uloto wake utakuwa msaada mkubwa, na baada ya kutoka mwilini mwake kinachofuata hakimtegemei yeye. Lirudie hili mara nyingi, kabla na baada. Watoto waliotoa uloto ukakataliwa, au ukamshambulia ndugu yao, hukaa wakiamini damu yao ilikuwa mbaya. Hakuna anayewaambia hivyo. Wanajiambia wenyewe usiku. Na mjue mapema kwamba mambo yakienda kombo timu inaweza kumwomba tena, seli nyingine au hata uloto mwingine. Msimwahidi "mara moja tu".

Ikienda vizuri nako kuna mtego. Kaka asifanywe mdaiwa. Nyumba nyingine huanza utani, "usimpige dada yako, ndiye aliyekupa damu," utani unakua, mpaka siku moja kijana wa miaka 20 anashindwa kumkatalia mdogo wake jambo lolote. Na binti naye asiwe "mwokozi" wa kutambulishwa kwa wageni. Afanye fujo, agombane na kaka yake, aadhibiwe kama zamani.

Kuna kitu kimoja cha kumfurahisha, na ni cha kweli. Seli zake zikishika, damu ya kaka yake itatengenezwa na seli za msichana. Ukizitazama maabara zitakuwa na kromosomu za kike, na kama makundi yao ya damu yanatofautiana, la kaka litabadilika liwe la kwake. Mwambie uone atakavyocheka. Kaka naye aambiwe. Kijana wa miaka 13 atajifanya amekasirika.

Leo jioni usianze na hotuba. Mwombe msamaha kwa ile "damu kidogo". Kisha shika mkono wake uupeleke nyuma ya nyonga yake, kwenye ule mfupa mnene, abonyeze mwenyewe asikie ulivyo mgumu. Mwambie ni hapa. Halafu uupandishe mkono huohuo mpaka katikati ya mgongo, kwenye pingili, umwambie huku hakuna atakayegusa, na kwamba siku hiyo daktari atakuja kumwonesha kwa kidole kabla hajalala usingizi wa dawa. Akiuliza kama itauma, sema ndiyo, akiamka, na dawa zitakuwepo. Mwache aulize mpaka achoke. Ukimaliza, zima taa, usimgeuze. Mwache achague mwenyewe atakavyolala, kisha uniandikie.

Shangazi